Jenner na mbwa wa Berkeley: Si kila mbwa atoaye povu ana kichaa

Mwezi uliopita mama mmoja alinijia kliniki na mwanawe wa miaka sita. Mtoto alikuwa ameng'atwa kiganjani na mbwa wao wenyewe, mbwa mdogo wa miezi mitano hivi. Kwa wiki mbili mbwa huyo alikuwa akitokwa na tongotongo na makamasi mazito, akikohoa na kuharisha. Siku ya tukio alianguka uani, akatikisika mwili mzima na kutoa povu mdomoni. Mtoto alimhurumia, akaenda kumshika, ndipo meno yakampata.

Mama alifika kwangu siku ya tatu. Siku mbili zilipotea kwa sababu ya mabishano. Jirani mmoja anayejua mambo ya mifugo alimwambia ule ni ugonjwa wa distempa, hauambukizi binadamu, apake dawa ya kidonda na kulala usingizi. Jirani mwingine alisema ni kichaa cha mbwa, na mbwa wote wa mtaa wauawe usiku uleule. Mama akaniuliza ni yupi aliyesema kweli.

Nilimchoma mtoto chanjo kwanza. Jibu la swali nikampa baadaye, na leo nataka nikupe na wewe, kwa kupitia maisha ya daktari mmoja aliyekutana na swali hilohilo zaidi ya miaka 200 iliyopita. Jina lake umewahi kulisikia kama una mtoto aliyechanjwa: Edward Jenner. Wengi wanamjua kwa ndui. Wachache wanajua kwamba alitumia miaka kadhaa kwenye mabanda ya mbwa.

Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei 1749 katika mji mdogo wa Berkeley, magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa mji huo. Alipofikisha miaka mitano wazazi wake wote wawili walifariki, akalelewa na ndugu zake wakubwa.

Akiwa na miaka minane alipelekwa kukingwa na ndui kwa njia ya wakati ule. Njia hiyo ilikuwa kumchanja mtu mzima wa afya kwa usaha wa mgonjwa wa ndui yenyewe, kwa matumaini kwamba atapata ugonjwa mwepesi na kubaki na kinga. Ilisaidia wengi, lakini wengine iliwaua, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza wenzake. Kabla ya kuchanjwa, Jenner mdogo alinyimwa chakula cha kutosha na kutolewa damu kwa majuma kadhaa, kisha akafungiwa katika banda la farasi pamoja na watoto wengine hadi ugonjwa upite. Alipona, lakini mateso yale hayakumtoka akilini utu uzima wake wote. Ukimwona mtoto akilia kwa sindano ya sekunde mbili, kumbuka banda lile.

Alipokuwa kijana wa miaka 14 hivi alipelekwa kujifunza kazi kwa daktari wa upasuaji wa mji wa jirani. Akiwa na miaka 21 alikwenda London, akawa mwanafunzi wa John Hunter, mpasuaji mashuhuri aliyechunguza binadamu na wanyama kwa hamu moja. Hunter alimfundisha asibaki akikisia jambo analoweza kulijaribu na kulipima. Hata Jenner aliporudi kwao Berkeley kuwa daktari wa kijijini, Hunter aliendelea kumwandikia barua na kumtuma kazi, mara ampimie joto la kalunguyeye wakati wa baridi, mara achunguze ndege. Jenner aliangalia viota vya ndege kwa uvumilivu hadi akaeleza namna kinda la kekeo, ambalo mama yake hutaga katika kiota cha ndege mwingine, linavyowasukuma nje makinda wenye nyumba. Kwa uchunguzi huo wa ndege alichaguliwa mwaka 1789 kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza. Naona ni vizuri ulijue hilo, maana watu hudhani aliamka tu asubuhi moja na kugundua chanjo.

Habari ya chanjo nitaipitia kwa kifupi kwa sababu umeisoma shuleni. Wafugaji wa eneo lake walisema kwamba wakamuaji waliopata ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi wa malengelenge mikononi, hawakushikwa na ndui ya binadamu. Mkulima mmoja, Benjamin Jesty, alikuwa ameshaijaribu njia hiyo kwa mkewe na wanawe mwaka 1774, bila kuandika wala kutangaza. Tarehe 14 Mei 1796 Jenner alichukua majimaji kwenye malengelenge ya mkamuaji aitwaye Sarah Nelmes, akamchanja nayo James Phipps, mtoto wa miaka minane wa kibarua wake wa bustani. Mwezi Julai akamchanja mtoto huyo kwa usaha wa ndui halisi. Hakuugua.

Kama daktari wa leo nasema wazi kwamba jaribio lile lisingeruhusiwa na kamati yoyote ya maadili, na ningekuwa mama yake James ningelikataa. Lakini lilifanyika, na mwaka 1798 Jenner alichapisha kitabu chake kwa fedha zake mwenyewe baada ya Royal Society kutolikubali andiko lake la kwanza. Wapinzani walimchekesha hadharani. Mwaka 1802 mchoraji mmoja wa London alichora watu waliochanjwa wakiota vichwa vya ng'ombe mikononi na usoni. Uvumi kuhusu chanjo haukuanza na simu zetu za mkononi.

Sasa tuingie kwenye mabanda.

Bwana mkubwa wa eneo lile, Earl wa Berkeley, alifuga mbwa wengi wa kuwindia mbweha. Jenner alipata nafasi ya kuwachunguza kwa miaka kadhaa mfululizo, na mwaka 1809 aliwasilisha matokeo yake mbele ya chama cha madaktari wa London. Alieleza sababu ya kuwapelekea madaktari wa binadamu habari za mbwa: ugonjwa huu ulikuwa unachanganywa mara kwa mara na kichaa cha mbwa. Alimfahamu mtu mmoja ambaye, miaka 45 hivi kabla ya hapo, aliua sehemu kubwa ya mbwa wake akiamini wamepata kichaa, kumbe ilikuwa distempa iliyoingia bandani kwa mara ya kwanza. Na kila mbwa alipodhaniwa kuwa na kichaa, yupo pia binadamu aliyeng'atwa naye, anayekaa usiku na mchana akingoja kufa.

Jenner aliona nini? Aliona kwamba ugonjwa huu unaambukiza mbwa kwa mbwa kama ndui na surua zinavyoambukiza watu. Aliona kwamba mbwa huanza kuugua mwanzoni mwa wiki ya pili baada ya kukaa na mgonjwa. Alikadiria kwamba katika kila mbwa watatu wanaougua, angalau mmoja hufa. Alieleza uvimbe wa mapafu na wa njia za hewa, macho mekundu, makamasi, kikohozi kikavu, kukonda, kisha ubongo kuguswa na mbwa kuanza kutikisika. Hata leo ukimpeleka mbwa wako kwa daktari wa mifugo atakuuliza karibu mambo yaleyale.

Tena angalia neno lile la surua, kwa sababu Jenner alilitaja kama mfano tu bila kujua amekaribia kiasi gani. Leo tunajua kwamba kirusi cha distempa ni cha ukoo mmoja na kirusi cha surua, na pia kile cha sotoka, ugonjwa uliowahi kufyeka ng'ombe wa wafugaji wetu hadi ulipotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Kama umewahi kumuuguza mtoto wa surua, ukakumbuka yale macho mekundu, mafua, kikohozi na kuharisha, basi unaielewa distempa zaidi ya unavyodhani. Tofauti kubwa kwako mzazi ni kwamba mbwa mwenye distempa hamwambukizi mtoto wako ugonjwa huo.

Jenner pia alikosea, na makosa yake yanafundisha. Aliagiza banda lioshwe kwa maji, lipakwe chokaa, kisha lifukizwe mvuke wa asidi mara kwa mara. Mbwa wapya walioingizwa humo wakaugua vilevile, naye akaamini kwamba uambukizo unabaki bandani muda mrefu. Tunajua sasa kwamba kirusi hiki ni dhaifu nje ya mwili. Sabuni, jua na joto hukiua upesi. Tatizo linalowezekana zaidi ni mbwa wenyewe, kwani mbwa aliyepona anaweza kuendelea kutoa virusi kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, akiwa anaonekana mzima. Banda lilisafishwa, wenyeji wake wakabaki palepale. Alijaribu pia kutumia ndui ya ng'ombe kuwakinga mbwa na distempa. Haikufaa, kwa sababu virusi hivyo viwili havina undugu wowote. Kinga hufuata ugonjwa wake, na hapa ndipo wasomaji wengi hujikwaa hadi leo.

Nieleze. Wenye mbwa wengi nchini huwapeleka kuchanjwa wakati wa kampeni, hasa mwezi Septemba, kwa kuwa tarehe 28 ya mwezi huo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni jambo jema, usiache. Lakini chanjo ya kichaa haimkingi mbwa na distempa. Ya distempa ni nyingine, huja katika sindano ya mchanganyiko, na mara nyingi utailipia kwa daktari wa mifugo. Mbwa mdogo huanza kupewa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afike wiki 16. Marudio hayo hayawekwi kwa ajili ya biashara. Kinga aliyopewa na mama yake kupitia maziwa huzuia chanjo isishike vizuri, nayo hupungua kwa kasi tofauti kwa kila mbwa. Mbwa wa mama niliyemtaja alikuwa amechanjwa mara moja tu, akiwa bado mdogo sana, na hakurudishwa.

Chanjo hiyo Jenner hakuiona. Mwaka 1905 Mfaransa Henri Carré alionyesha kwamba kisababishi cha distempa ni kidogo kiasi cha kupita kwenye kichujio kinachonasa bakteria. Wengi hawakumwamini kwa miaka 20. Katika miaka ya 1920 watafiti Patrick Laidlaw na George Dunkin, kwa michango ya wasomaji wa gazeti moja la wapenda uwindaji Uingereza, walithibitisha kwamba ni kirusi na kutengeneza chanjo, wakitumia wanyama wadogo wa jamii ya kicheche wanaougua distempa upesi. Wanyama haohao ndio waliosaidia mwaka 1933 kupatikana kwa kirusi cha mafua ya binadamu, na Laidlaw alikuwemo. Ukisikia chanjo ya mafua, mbwa wana mchango wao humo.

Kwetu Tanzania distempa ilijitangaza kwa kishindo mwaka 1994, pale Serengeti. Simba walionekana wakianguka na kutikisika kama wenye kifafa. Wapatao 1,000 walikufa, karibu theluthi moja ya simba wote wa eneo lile. Vipimo vilionyesha ni distempa, na macho ya watafiti yakageukia mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Ndiyo maana baadaye mbwa wa vijiji hivyo walianza kuchanjwa.

Turudi kwa yule mtoto wa kiganja. Jirani wa kwanza alikuwa sahihi kuhusu dalili: wiki mbili za tongotongo, makamasi na kuharisha, kisha kutikisika, ni picha ya distempa. Tena wengi wa mbwa hawa huonekana wamepata nafuu kabla ya ubongo kuanza kusumbua, wiki moja hadi tatu baadaye. Huanza kucheza taya kama wanatafuna kitu, au mguu mmoja kurukaruka hata wakiwa wamelala. Ngozi ya nyayo na ya pua inaweza kuwa ngumu, na aliyeugua akiwa mdogo hubaki na meno yaliyochubuka. Mbwa wa kichaa kwa kawaida hubadilika tabia ghafla. Mpole huwa mkali au mkali huwa mpole mno, sauti hubadilika, taya hulegea, udenda hutoka kwa kushindwa kumeza, na huwa amekufa ndani ya siku kumi hivi tangu dalili zianze.

Nimekuandikia tofauti hizo ili umweleze vizuri daktari wa mifugo. Sijakuandikia ili uamue mwenyewe uani kwako. Kichaa cha aina ya kupooza kinaweza kufanana sana na distempa, na mbwa mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Jenner alihitaji miaka kadhaa na mizoga mingi kuyatenganisha. Jirani hawezi kuyatenganisha kwa dakika tano mbele ya geti. Na kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo mtoto akiumwa au akichubuliwa na mbwa mwenye kutikisika, osha kidonda mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, pima kwa saa, mikono yako ikiwa na glovu au mfuko safi wa plastiki. Usipake kahawa, majani, mafuta ya taa wala pilipili. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Si kila zahanati huwa na chanjo ya kichaa, kwa hiyo piga simu kabla ya kulipa nauli. Kidonda kilichotoa damu kinaweza kuhitaji pia kingamwili zinazochomwa kwenye kidonda chenyewe. Chanjo ni dozi kadhaa kwa tarehe ulizopangiwa. Usikatishe kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Ukiwa umechelewa siku tatu, au hata wiki, nenda tu. Kama mbwa bado yupo hai, asiuawe ovyo wala kuachwa atoroke. Afungiwe bila kushikwa na mtu, afisa mifugo aitwe. Akifa, asizikwe kabla afisa huyo hajaamua kuhusu kuchukua sampuli.

Na kama hakuna aliyeng'atwa, una mbwa mgonjwa tu? Mtenge na wenzake leo, usingoje kesho. Daktari wa mifugo anaweza kuchukua ute wa macho na pua au damu kwa ajili ya kipimo. Hakuna dawa inayoua kirusi cha distempa, na anayekuuzia moja kwa bei kubwa anakudanganya. Anachotibiwa mbwa ni madhara: maji ya dripu, dawa za bakteria wanaoingia mapafuni baadaye, dawa za kutuliza degedege, macho na pua kusafishwa, chakula laini kidogo kidogo. Wengine hupona. Wengine hubaki na kutikisika maisha yao yote. Wengine hufikia hali ambayo daktari atakushauri apumzishwe, na hapo watoto waelezwe ukweli. Wakiambiwa amesafiri watamngoja.

Mbwa wa yule mama alikufa siku ya nne. Sampuli ilipelekwa maabara, jibu likarudi kwamba hakuwa na kichaa. Mama aliniuliza kama sindano zile zilikuwa za bure. Nilimwambia kwamba jibu lilipatikana baada ya siku tisa, na kirusi cha kichaa hakingesubiri barua.

Jenner mwenyewe hakuwa na raha nyingi baada ya andiko lile la mbwa. Bunge lilikuwa limempa pauni 10,000 mwaka 1802 na nyingine 20,000 mwaka 1807, dunia ilimjua, lakini mwaka 1810 mwanawe mkubwa alifariki kwa kifua kikuu akiwa na miaka 21, na mwaka 1815 kifua kikuu kikamchukua mkewe, Catherine. Alirudi Berkeley na hakuondoka tena mara nyingi. Katika bustani yake kulikuwa na kibanda kidogo kilichoezekwa kwa nyasi, na humo alikuwa akichanja watoto wa maskini bila malipo. Kwa James Phipps, yule mtoto wa 1796, alitoa nyumba ya kuishi bila kodi.

Alifariki kwa kiharusi tarehe 26 Januari 1823, akiwa na miaka 73, akazikwa katika kanisa la Berkeley karibu na wazazi wake. Phipps, wakati huo mtu mzima, alihudhuria mazishi. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kawaida duniani alipatikana Somalia mwaka 1977, mpishi wa hospitali ya Merca, naye alipona. Nyumba ya Jenner sasa ni makumbusho, na kile kibanda cha bustanini bado kipo.